Ufafanuzi Kuhusu Picha Niliyopigwa Nikiwa Magotini Mbele ya Mama Mkwe

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye kwa sasa namwita rafiki kwa mazoea tu, ameshaisambaza ile picha katika makundi yote ya simu tunayoshiriki, na kwa kuwa maelezo aliyoyaambatisha yanadai kwamba nilipiga magoti nikimsihi mama mkwe asiondoke na binti yake, nimeona ni haki yangu kueleza yaliyotokea kabla uzushi huu haujazoeleka ukawa historia. Sikupiga magoti. Nilikamatwa na mwaridi. Anayeona kwamba utetezi huu unazidisha aibu badala ya kuipunguza anaombwa avumilie, kwani mke wangu ameshaniambia hivyo hivyo.

Ninyi mnaonifuata mnalijua tuta langu la mawaridi na airisi, yale maua yenye majani marefu mfano wa panga, kwa sababu nimewachosha nalo. Mnajua pia hoja yangu, ile ambayo mama mkwe naye alilazimika kuisikiliza tangu alipoingia langoni: kwamba waridi, pamoja na sifa zake zote, halijaliwa buluu. Mmea wenyewe kwa asili hauwezi kuitengeneza rangi hiyo, na hata lile waridi lililotoka maabara na kuanza kuuzwa Japani mwaka 2009 kwa sifa ya ubuluu, ukilitazama bila huruma, ni zambarau iliyofifia. Airisi, kwa upande wake, ina buluu ya kutosha kumgawia jirani. Aidha, mwaridi ukikua huwa mtupu miguuni, na majani marefu ya airisi, yaliyosimama wima, huusitiri vizuri. Yote mawili hupenda jua lisilopungua saa sita kwa siku. Ndoa gani nyingine ina makubaliano mengi kiasi hicho?

Pana jambo moja tu wasilokubaliana, nalo nilimweleza mama mkwe kwa ukamilifu. Mwaridi ni mlaji na mnywaji: hutaka mboji, hutaka maji ya kutosha, hutaka matandazo mazito yanayofunika mizizi isipate joto. Airisi zenye ndevu, yaani zile zenye vinyweleo kwenye petali kama hizi zangu, hazitaki hata kimoja katika hivyo. Shina lake nene, ambalo hulala juu ya udongo mfano wa tangawizi, hutaka mgongo wake uwe wazi upigwe na jua, na ukilifunika au kulilisha mbolea yenye naitrojeni nyingi unaliandalia kuoza. Kwa hiyo, nikasema, nikiwa nimeinua kidole, anayepanda viwili hivi pamoja sharti aache nafasi ya kutosha baina yao, na matandazo ya miwaridi yakome kabla ya kuzifikia airisi. Hotuba hiyo niliitoa nikiwa nimesimama juu ya matandazo yenyewe, ambayo yalikuwa yametandazwa tuta zima, kutoka ukingo hadi ukingo, msiniulize na nani.

Mama mkwe amelima mawaridi tangu kabla sijazaliwa. Habari hii nilikuwa nayo, lakini kwa namna fulani haikunizuia kumfundisha. Kila nilipomaliza hoja alisema, "Ndiyo, mwanangu," na mimi nikazihesabu hizo ndiyo kuwa ni za kustaajabu. Rafiki yangu, aliyekuwa amekuja kuazima ngazi na hakuwa na sababu yoyote ya kuwapo, alisimama nyuma yetu na simu yake mkononi.

Tulipofika katikati ya tuta, mama mkwe akasimama mbele ya airisi za zambarau. Fungu moja la majani lilikuwa limeinama upande, limegeuka manjano chini.

"Mwanangu, mbona hii imelala?"

Nilimjibu bila kusita kwamba imepumzika baada ya kuchanua. Akanitazama. Mtu aliyezeekea bustanini anajua kwamba airisi huwa hailali. Majani yake yakilala, chini kuna msiba. Hapo palikuwa mahali pazuri sana pa kubadilisha mazungumzo. Mimi nikaona ni mahali pazuri pa kumwonyesha jinsi ilivyoushika udongo.

Kuanzia hapa naomba twende polepole, kwa sababu ndipo msambazaji wetu alipokimbia.

Ili kulifikia fungu lile, ilinibidi nipenye kati ya miwaridi miwili, mmoja wa kichaka na mwingine wa kutambaa, uliofungwa kwenye fremu ya mbao. Niliinama, nikatanguliza mkono wa kulia, kichwa kikafuata, kisha mabega, na hakuna mwiba hata mmoja ulionigusa. Nakumbuka nikijisifu moyoni kwa wepesi wangu. Kumbe miiba ya mwaridi wa kutambaa imepinda kuelekea chini na nyuma, kwa kuwa kazi yake ni kulishikiza tawi lisiteleze linapopanda juu ya mimea mingine. Anayeingia kwa kufuata mwelekeo wa miiba hupita salama salimini, na ushuru hutozwa wakati wa kutoka. Elimu hiyo leo ninayo, na nimeihifadhi sehemu mbalimbali za mwili.

Nikalishika lile fungu la majani karibu na udongo, nikakaza misuli, nikavuta. Halikubisha. Lilikuja lote, kwa upole wa ajabu, bila shina na bila mzizi, na nguvu zote nilizokuwa nimeziandaa kwa ajili ya mapambano zikakosa mpinzani. Mkono wa kushoto ukaruka kutafuta pa kuegemea, ukatua juu ya matandazo, ukayapita, ukazama hadi kifundoni ndani ya kitu kilichokuwa shina la airisi. Kilichokuwa, narudia. Bakteria wa uozo huingia kupitia jeraha, na wakikuta unyevu na kivuli huilainisha nyama yote ya ndani ikawa uji, huku ganda la nje likibaki na sura yake ya heshima. Nililivunja hilo ganda kwa kiganja. Harufu iliyotoka sitaieleza, ila nitasema kwamba rafiki yangu, aliyekuwa mbali kuliko wote, alirudi hatua kadhaa nyuma, na kwamba picha zake za dakika hiyo zimetikisika.

Sasa zingatieni jambo hili. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemsimulia mama mkwe, kwa mbwembwe, kwamba huko Italia, kandokando ya Florence, watu hulima airisi kwa ajili ya mashina yake, ambayo yakichimbwa, kumenywa na kukaushwa kwa miaka hutoa harufu inayotiwa katika manukato ya bei kubwa kabisa. Alikuwa amesikiliza kwa makini. Ndipo sauti yake ikanifikia kutoka nyuma yangu, tulivu, isiyo na kejeli yoyote niwezayo kuithibitisha:

"Hii ndiyo ile ya manukato, mwanangu?"

Nilijaribu kujibu nikiwa narudi nyuma, nalo lilikuwa kosa la kiufundi, kwa sababu ndipo mwaridi ulipoanza kudai chake. Ukosi wa shati ulikamatwa wa kwanza. Nilipougeukia ukosi, ukakamatwa mkono wa shati. Nilipouvuta mkono, tawi la juu likashuka likatulia nyuma ya sikio langu. Na nilipoinama zaidi ili kulikwepa tawi la juu, mwaridi wa kichaka, ambao hadi wakati huo haukuwa na ugomvi nami, ukanishika mahali ambapo suruali hukutana na mshono wake mkuu. Nikawa nimesimama hivyo, nimejikunja, kichwa kikiwa ndani ya kichaka na upande wangu wa pili ukiwa umemwelekea mama mkwe moja kwa moja. Wale mnaosoma haya mkiwa na wakwe mnaowaheshimu, tulieni kidogo mkitafakari.

Nilijaribu tena kurudi nyuma. Suruali haikuchanika kwa kishindo, jambo ambalo lingekuwa la kiungwana kwa namna yake, maana lingeisha mara moja. Ilichanika kwa vituo. Nikisogea, inachanika; nikitulia, inatulia; nikivuta pumzi tu, inaendelea. Baina ya kituo na kituo palikuwa na ukimya wa kutosha kwa kila aliyekuwepo kuelewa ni nini kinachosikika. Mwiba wa mwaridi huota kwenye ngozi ya tawi na hauna asili katika mti wa ndani, ndiyo maana ukisukumwa kwa ubavu hubanduka kwa urahisi. Nami, katika kujinyonganyonga kwangu, niliibandua mingi, ikahamia kwenye kitambaa na kuendelea na kazi ikiwa huko. Kuhusu kilichoonekana baada ya kituo cha mwisho, ipo picha ya pili. Namwomba aliye nayo akumbuke kwamba ngazi yangu bado anaitaka.

Mke wangu, niliyemtegemea, alikuwa ameketi chini njiani, amefunika uso, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.

Aliyechukua hatua ni mama mkwe. Alilizunguka tuta lote bila haraka, akaja kusimama upande wa pili, mbele ya uso wangu, akasema, "Acha kurudi nyuma, baba. Njoo mbele, ushuke chini." Nililielewa mara moja kuwa ndilo shauri sahihi, kwa kuwa miiba iliyopinda hulegea ukienda kule ilikoelekea yenyewe, lakini mbele yangu na chini yangu palikuwa na airisi nyingine, nazo zilikuwa zimefunikwa na matandazo yale yale. Nikashuka. Goti la kwanza likatua kwenye shina moja, la pili kwenye jingine, na yote mawili yakanipokea kwa ulaini ule ule niliokwisha kuuzoea. Huo ndio mnaouita unyenyekevu.

Kisha mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa mkasi wa kupogolea. Kwa nini mtu anayekwenda kumtembelea binti yake awe na mkasi wa kupogolea mkobani ni swali nililolipatia jibu baadaye, nilipofahamishwa kwamba alikuwa akizipokea picha za bustani yangu kwa muda mrefu na alikuja akiwa amejiandaa. Alianza kuyakata matawi yaliyonishika. Hakuyakata ovyo. Kila tawi alilifuata hadi kwenye jicho, yaani pale chipukizi linapoanzia, linaloelekea nje, akalikata juu kidogo ya jicho hilo, kwa mshazari, na alipokutana na mkato wangu wa zamani alisema "Hm" na kuurekebisha. Niligundua baada ya muda kwamba tawi lililoshika ukosi wangu lilikuwa limeshaondolewa, na kwamba alikuwa akiendelea kupogoa mwaridi mzima kwa kuwa alikuwa amekwisha kuuanza. Sikuona ni adabu kumkatiza.

Picha mliyoiona ni ya wakati huo. Mkono wake ulio juu ya kichwa changu haukuwa ukinibariki, wala hauoneshi msamaha. Ulikuwa ukilizuia tawi lisinichome jicho. Macho yangu yamefumba kwa sababu ya harufu. Mikono yangu imekunjuliwa mbele, si kwa dua, bali kwa sababu sikuwa na mahali pa kuifutia.

Yaliyobaki ni machache. Nilifunikwa kwa kitambaa cha meza, nikaoga, nikawashwa, kwa kuwa utomvu wa airisi huisumbua ngozi ya baadhi ya watu na mimi nimo. Niliporudi bustanini nilimkuta mama mkwe ameshazichimba airisi zote, amekata sehemu zilizooza hadi kufikia nyama ngumu na nyeupe, akikisafisha kisu kwa dawa ya madoa iliyozimuliwa baada ya kila mkato, na ameyapanga mashina yaliyosalimika juani yakauke siku kadhaa. Mke wangu alikuwa akiyarudisha matandazo kwenye miwaridi tu. Rafiki yangu alikuwa ameshaondoka, na ngazi pia.

Kwa wanaouliza: ndiyo, airisi zitapandwa tena palepale, kwenye ukingo wa mbele wenye jua zaidi, migongo nje, kwa umbali ambao mama mkwe ameupima mwenyewe na kuuwekea vijiti. Ndiyo, mwaridi umeanza kuchipua mahali alipokata, na machipukizi yanaelekea nje, si ndani kama yalivyokuwa yakifanya wakati wangu. Hapana, sijapewa ruhusa ya kushika mkasi. Na nyinyi mnaouliza kuhusu suruali kwa kisingizio cha kunipa pole, haikupona.