Kupumzika Kumenichosha

Sijui ni nani aliyezipa starehe majina, ila siku hiyo lazima aliamka vibaya. Hebu sikilizeni: soga tunapiga, gumzo tunapiga, mbizi, mluzi, danadana, vyote ni vya kupigwa tu. Hata usingizi, mpole wa watu asiyemkosea mtu, eti tunauchapa!

Jumamosi mke wangu akaniambia, "Baba watoto, twende tukapunge upepo." Kupunga pepo nakujua: kuna ngoma, kuna ubani, kuna mganga. Upepo je, unapungwa na nani? Tena siku yenyewe hata jani halitikisiki. Akasema basi angalau tunyooshe miguu. Tumetembea, tumetembea, miguu niliyotoka nayo imenyooka ikarudi imepinda.

Halafu kuna rafiki yangu mmoja, kila wikendi "njoo tule bata". Mara ya kwanza nilifika na njaa yangu, cha mchana nimekiruka makusudi. Bata sikumwona, hata unyoya wake. Nilichokuta ni muziki wa kupasua masikio na watu wanajirusha. Mimi mwenye kitambi hiki nikijirusha, atanidaka nani?

Lakini cha jioni ya Jumamosi hiyo ya kupunga upepo ndicho kilichonimaliza. Vijana wakaniita uwanjani nikapashe misuli. Dakika ya pili tu, kijana wa rika la kitinda mimba wangu akaupitisha mpira juu ya kichwa changu, akazunguka akaupokea nyuma. Uwanja mzima, "Kanzu! Mzee kavishwa kanzu!" Kanzu gani hiyo, hata kupimwa sijapimwa. Nikageuka kwa hasira, miguu nimeitanua kama mlango wa ghala, mpira ukapita katikati. "Tobo!" Yaani nguo mpya, haijamaliza hata dakika, imeshatoboka. Kijana akaenda zake kucheka na nyavu. Mimi nilichekwa na binadamu, na sauti ya mke wangu niliitambua.

Usiku nikajitupa kitandani niuchape usingizi, angalau hapo mpigaji niwe mimi.

Asubuhi mke wangu akauliza, "Umeuchapa vizuri?"

"Nimeuchapa," nikamjibu, kiuno nimekishika kwa mikono miwili, "lakini nao umerudisha."