Mbwa wa Alaska wanatetewa, punda wetu je?

Mwenzangu wa kazini hapa Anchorage kaniuliza eti kwenu mbwa mnawapiga mawe? Jibu mnalijua, nikanyamaza, lakini ilinikera, maana huyuhuyu kila Machi yuko barabara ya Fourth Avenue anashangilia Iditarod, mashindano ya sleji za kuvutwa na mbwa, kila sleji mbwa mpaka 16, hadi mji wa Nome, kama kilomita 1,600, kwenye baridi ya kugandisha kope. Mwaka 2024 walikufa watatu njiani.

Haya, mshaanza, "kafika Marekani juzi leo analilia mbwa". Ngojeni basi. Sikatai kwamba wenyewe wanawapenda, wanawavisha soksi, vituoni kuna madaktari wa mifugo na lazima wapumzike saa 24 mara moja. Kilichonishika mimi ni wadhamini wa mashindano. PETA, wale watetezi wa wanyama, wamepiga kelele miaka, wakaziandama kampuni moja baada ya nyingine, benki ya Wells Fargo ikajitoa 2017, shirika la ndege la Alaska Airlines likatangaza 2020 kwamba linajitoa, halafu 2021 Exxon Mobil, kampuni ya mafuta jamani!, nayo ikasema inatoka. Exxon wenyewe walisema ni hali ya uchumi. Uchumi, sawa, tumesikia.

Sasa niambieni kwetu ni lini kampuni imeogopa kelele za mnyama? Punda ana kidonda mgongoni, kabebeshwa saruji, jina la kampuni limeandikwa kubwaaa kwenye mfuko ubavuni mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwauliza hao kampuni chochote. Tunapita, tunasema "pisha punda".

Na msinifanye nawadharau watu wa nyumbani. Mashindano yetu ya punda Lamu ni kipande tu cha ufukwe, punda akimaliza anarudi kwao kula, hakuna anayekimbizwa siku tisa kwenye theluji, kwa hilo natembea kifua mbele. Na punda wetu wana hospitali yao huko Lamu tangu 1987, wanatibiwa bure, ila nayo walituanzishia Waingereza, hapo ndo naishiwa maneno. Yaani hata kidonda cha punda wetu tusubiri mgeni avuke bahari?

Na wewe unayetaka kuandika "watu wana njaa we waongelea punda", huyo mwenye njaa ndiye mwenye punda! Punda akilala chini, mchanga hausombwi na jioni hakuna hela ya unga. Nijibu hapo kwanza kabla hujaniita mzungu.