Sinia moja, kirusi kimoja, watu saba

Siku ya Idi kubwa, Julai 2021, wakati wa korona, watu saba tulikula pilau kwenye sinia moja nyumbani kwa bibi, Tanga. Siku ya nne mjomba akaanza kukohoa. Bibi, mwenye miaka 79 na kisukari cha siku nyingi, alipata mafua ya siku mbili, akanywa chai ya tangawizi, akarudi kusuka ukili wake. Mke wa mjomba alishikwa na homa wiki nzima. Mimi na dada tuliacha kusikia harufu. Dada aligundua vitunguu vilipomuungulia jikoni naye amesimama palepale. Watoto wawili hawakupiga hata chafya. Aliyelazwa ni mjomba: seremala wa miaka 43, anayebeba mbao za mninga begani kutoka kwenye lori hadi karakana bila kutweta.

Jirani yetu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyekuja na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Mwenye afya husoma 95 kwenda juu. Mjomba alikuwa amekaa mkekani akibishana bei ya mbao, anaongea bila kukatika pumzi, na kifaa kikasoma 82. Akachomoa kidole, akakipangusa kwenye kanzu, akakirudisha: 81. "Kibovu hiki," akasema. Jirani akakibana kidoleni kwa bibi: 97.

"Mwanangu," akamwambia mjomba, "vaa viatu twende."

Alilazwa siku 11 akiwa kwenye oksijeni, akarudi. Yeye peke yake ndiye aliyepimwa UVIKO. Sisi wengine tulijijua kwa pua zetu.

Tangu hapo familia ina kambi mbili. Shangazi anasema ugonjwa ambao humwacha kikongwe mwenye sukari ukamwangusha fundi mwenye nguvu ni mipango ya Mungu tu, na kuuhofia ni kujitia maradhi mengine. Binamu yangu anatazama jambo lilelile na kusema kinyume: kama hata mjomba aliangushwa, basi hakuna aliye salama, na kila mtu akae ndani. Mpaka leo hakubali kula sinia moja na mtu.

Nawaelewa wote wawili, lakini naona wamekosea mahali pamoja. Kila mmoja amemchukua mtu mmoja akamgeuza kanuni.

Ukitazama umati, korona ilitabirika sana. Hatari ya kufa ilipanda kwa kasi kadiri umri unavyosogea, wanaume wakazidi wanawake, na wenye kisukari, figo mbovu au uzito mkubwa wakawa pabaya zaidi. Nipe wagonjwa elfu kumi wenye umri wa bibi na elfu kumi wenye umri wa mjomba, nitakuambia bila kusita ni kundi lipi litazika wengi. Ila hakuna anayeugua akiwa elfu kumi. Anaugua akiwa mmoja, na kwa mmoja hesabu ile haitoi jibu.

Uingereza walifanya jaribio mwaka 2021. Vijana 36 wenye afya, wa miaka 18 hadi 29, walijitolea kutiwa puani kirusi kilekile kwa kipimo kilekile. Kati ya 34 walioingia kwenye hesabu, kiliwashika 18. Wengine 16 hakikuwashika. Hakuna aliyezidiwa, lakini hebu fikiria: umri mmoja, afya njema, dozi moja, na karibu nusu kikapita bila kupata pa kukaa.

Hapo shangazi atasema, si nilikuambia? Naamini Mungu kama yeye, lakini lipo jambo alilokosa. Oktoba 2020 kundi la watafiti akiwemo mtaalamu wa kinga ya mwili Jean-Laurent Casanova lilichapisha walichokikuta kwa wagonjwa 987 waliozidiwa kwa nimonia ya korona. Wagonjwa 101 walikuwa na kingamwili, silaha za mwili dhidi ya vimelea, zilizogeuka kushambulia intaferoni za miili yao wenyewe, yaani zile kemikali zinazopiga mbiu kirusi kinapoingia. Kati yao 95 walikuwa wanaume. Kwa watu 663 waliougua kidogo au bila dalili, hawakumkuta hata mmoja. Mtu wa aina hiyo hahisi kitu. Anabeba mbao, anakula, analala, na mbiu yake imezibwa mdomo. Hakuna aliyempima mjomba kwa hilo, kwa hiyo siwezi kusema ni yeye. Ninachosema ni kwamba sehemu ya kile tulichokiita bahati ilikuwa na sababu, ila imejificha mahali ambapo misuli haitoi habari.

Na kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Ugonjwa wa mapafu wa SARS wa mwaka 2003 uliua watu 774 duniani, ukazimwa ndani ya miezi michache. Aliyekuwa na uwezo mkubwa wa kuambukiza alikuwa hoi tayari, anaonekana, anatengwa. Homa ya Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023 iliwapata watu 9 na kuua 6, na Juni ikatangazwa kwisha. Korona haikuonekana hivyo. Nchini Kenya, watafiti walipopima damu ya wachangiaji 3,098 kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kuwa karibu asilimia 4.3 ya watu walishaambukizwa, wakati wagonjwa waliotangazwa walikuwa maelfu machache. Upole wa kirusi hiki kwa wengi ndio uliokipa njia ya kumfikia mjomba. Kama sote saba tungeanguka siku ile ile, kisingefika nyumba ya pili.

Kwa hiyo wasiwasi ni haki. Lakini hofu ya binamu nayo ina gharama, tena tumeiona. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Watoto ndio kundi ambalo kirusi hiki kiliwagusa kidogo kuliko wote, na ndio waliobebeshwa mzigo mrefu kuliko wote. Wapo ambao hawakurudi darasani. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba mtoto asiyeumwa anarudi kulala chumba kimoja na bibi yake. Ni hoja nzito, na kwa miezi ya mwanzo, kabla ya chanjo, ningekubali kufunga. Kwa karibu miaka miwili, sikubali. Kusema "hatujui nani ataumia" hakumaanishi kwamba wote wako kwenye hatari sawa.

Mjomba sasa anabeba mbao kwa kupumzika mara mbili njiani. Bibi hulisemea jambo hili peke yake, akiwa kwenye ukili: mwenye miaka nilikuwa mimi.

Kifaa kile jirani alituachia. Bibi anakiweka kabatini, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na dawa zake za sukari. Akisikia mtu anakohoa hamwulizi anajisikiaje. Analiendea kopo.