Pupa Ilininyang'anya Neno "Sijui"

Julai 2014 mama mmoja wa Singida alinitumia ujumbe: "Mwanangu, kware wangu wanataga kila siku. Trei zimejaa hadi chini ya kitanda. Nauza wapi?" Alikuwa amenunua vifaranga 200 kwa hela aliyokopa kwenye kikoba, na alinunua baada ya kusoma makala yangu. Hakunilaumu. Aliuliza kwa utulivu wa mtu anayeamini kwamba aliyemwonyesha njia anaijua mpaka mwisho.

Nilikuwa nimeshaandika makala tisa kuhusu kware. Banda lake, joto lake, chakula chake, namna ya kutotolesha. Hakuna hata moja iliyoeleza mayai yanauzwa wapi, kwa sababu sikujua, na kwa miezi minne tangu makala ya kwanza sikuwa tayari kumwambia mtu yeyote kwamba lipo jambo nisilolijua.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Nilikuwa kijana wa miaka 26, mchana nauza vyakula vya mifugo kwenye duka la pembejeo Morogoro, usiku naandika blogu ya ufugaji. Mwaka wa kwanza niliandika yale niliyoyaona dukani: mteja aliyepoteza kuku wote kwa kideri kwa sababu chanjo ilikaa juani njiani, pumba iliyochanganywa mchanga ili izidi uzito, dada aliyegundua kwamba kuku wake wanadonoana kwa sababu banda ni dogo. Wasomaji hawakuzidi 50 kwa siku. Waliokuwa wakirudi na maswali nilishawajua majina. Swali likinishinda niliandika, "Sijui, ngoja nikaulize," kisha napanda daladala hadi Chuo Kikuu cha Sokoine, kilicho mjini hapohapo, nasubiri mlangoni hadi nipate wa kuniambia. Jibu lilichukua siku tatu, wakati mwingine wiki. Hakuna aliyelalamika.

Kisha nikaanza kuangalia wenzangu. Blogu za Kiswahili zilikuwa na miaka kadhaa ya heshima wakati ule. Issa Michuzi alikuwa amefungua yake mwaka 2005, na vijana wa rika langu tulikua tukiamini kwamba ukiwa na kompyuta na ulimi mzuri unaweza kutoka. Tulisikia fulani kanunua gari kwa hela ya matangazo. Mimi mshahara wangu ulikuwa shilingi 150,000. Nilianza kufungua ukurasa wa takwimu asubuhi kabla sijapiga mswaki.

Machi 2014 nikaandika makala ya kware. Nilichukua mfano wa majike 100, nikasema yatataga mayai 80 kwa siku, nikachagua bei ya juu kabisa niliyowahi kuisikia, shilingi 500 kwa yai. Shilingi 40,000 kwa siku, 1,200,000 kwa mwezi. Katika hesabu ile hakuna ndege aliyekufa, hakuna yai lililovunjika, na hakuna mteja aliyekataa. Kichwa cha habari kiliahidi utajiri ndani ya miezi mitatu. Siku ya kwanza walisoma watu 6,000.

Nieleze kilichokuwa kikitokea kweli, maana kilielezeka hata wakati ule kwa mtu aliyetaka kukielewa. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita hadi nane. Ni ndege wa kuongezeka upesi ajabu. Aliyeanza Januari, Aprili ana vifaranga vya kuuza, na aliyevinunua naye Julai anatafuta mnunuzi. Wengi waliokuwa wakinunua mayai kwa bei ile waliyanunua ili watotoleshe, wawauzie wengine wanaoanza. Mlaji hakuwepo. Yai lenyewe lina uzito wa gramu kama 10, wakati la kuku wa kisasa lina 50 hadi 60. Nani ataliacha la kuku akalinunue la kware kwa bei kubwa zaidi, isipokuwa aliyeambiwa ni dawa? Na aliambiwa. Niliandika na hilo pia: "Inasemekana mayai haya hutibu kisukari na shinikizo la damu."

Neno hilo, inasemekana, nalichukia hadi leo. Lugha yetu inaturuhusu kusema jambo bila kumtaja aliyelisema, na mwandishi mwenye pupa hulikimbilia umbo hilo kama mtu anyeshewaye na mvua anavyokimbilia kibaraza. Inasemekana. Inaaminika. Wataalamu wanasema. Wataalamu gani? Wangu walikuwa daladala moja tu kutoka nilipoketi na sikuwafuata, kwa sababu nilihofia wangenijibu kwamba hakuna ushahidi, na makala ingekufa. Kenya nako kware walikuwa wamepamba moto mwaka mmoja kabla yetu, na bei ilikuwa imeshaanza kuwaporomokea wafugaji. Habari zile zilikuwepo. Niliziona, nikazipita.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema kwamba pupa humharibia mwandishi lugha yake, kwamba anaanza kuweka vichwa vya habari vya kupiga kelele na alama nyingi za mshangao. Hayo yanakuja, lakini ni ya juujuu na yanafutika. Kinachoondoka kwanza ni uwezo wa kukiri kwamba hujui. Mwenye wasomaji 50 anaweza kuwaambia wasubiri. Aliyewapata 6,000 jana na anawataka tena leo haoni nafasi ya kusubiri. Anaona kwamba akinyamaza siku mbili watahamia kwa mwingine mwenye jibu. Basi anajibu. Akijibu mara tatu bila kujua na asishikwe, anaanza kudhani anajua.

Nilimjibu mama wa Singida usiku uleule: "Shikamoo mama. Jaribu hoteli za mjini, wanayahitaji sana." Sikuwahi kuuliza hoteli hata moja maishani mwangu. Baada ya wiki akaniandikia kwamba alipanga trei kwenye kapu akapanda basi, hoteli tatu zikamkatalia, ya nne ikachukua trei moja na kumwambia apite tena mwezi ujao. Nauli ilizidi alichouza. Makala ya Machi ningeweza kuitetea kwa kusema niliwaandikia watu wengi, kila mtu apime mwenyewe. Jibu lile nilimpa mtu mmoja, aliyeniita mwanangu, na nilimpa kwa sababu mtu wanayemwita mtaalamu wa kware asingeweza kuonekana amekwama.

Najua watakaosema chanzo ni njaa. Njaa ipo, na siibezi. Kuandika kwa Kiswahili mtandaoni kunalipa kidogo na kunagharimu sana. Bando unalinunua mwenyewe. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza hapa Tanzania, blogu ilitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Ada zilishushwa baadaye, lakini blogu nyingi zilikuwa zimeshafungwa. Mtu anayetafuta hela ya kula kwa kalamu yake hana kosa.

Lakini njaa peke yake haitoshi kueleza. Kuna Mmarekani anaitwa Jonah Lehrer. Akiwa na umri wa miaka 30 alikuwa na vitabu vinavyouzika na blogu inayosomwa sana kuhusu ubongo, na mwaka 2012 akaajiriwa na jarida la The New Yorker. Mwezi Juni ikagundulika kwamba aya kadhaa alizoweka kwenye blogu yake mpya alishaziandika kwingine. Alikuwa anajinakili mwenyewe ili aendelee kutoa makala. Mwezi Julai mwandishi mwenzake, Michael Moynihan, akamuuliza amepata wapi maneno fulani ya mwanamuziki Bob Dylan yaliyomo kwenye kitabu chake. Angeweza kukiri hapohapo. Badala yake alitunga maelezo, na baadaye akakubali kwamba alidanganya kwa kiwewe. Maneno mengine hayakuwahi kusemwa, mengine yalipotoshwa. Alijiuzulu, na kitabu kikaondolewa sokoni.

Huyu hakuwa na njaa. Nikimsoma najiona mimi na hoteli zangu za mjini. Swali lilikuwa dogo, na jibu la kweli lilikuwepo mdomoni, lakini mtu aliyezoea kuonekana ana kila kitu hawezi kulitoa.

Hela yenyewe nayo sikuipata. Kampuni ya matangazo niliyojiunga nayo ilikuwa hailipi hadi ufikishe dola 100, na ilituma kwanza barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani. Nilitumia S.L.P. ya mjomba, barua ikachukua wiki saba, na niliposhika bahasha ile nilihisi nimeshatoka dukani. Nilipofika dola 83 nikakosa subira. Nikawaomba binamu zangu na jamaa wawili wa mtaani wawe wanabonyeza matangazo kila jioni. Masharti yalikataza waziwazi, nami nilikuwa nimeyakubali. Akaunti ikafungwa na dola zote zikaenda. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu shule ya msingi.

Leo naona vijana wanaoandika wakiingia kwenye shimo lilelile kwa kasi kubwa zaidi, na hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Programu za akili unde zinatoa makala mia kwa usiku mmoja, na kama hukuzibana hasa, zinajibu karibu kila swali kwa sauti ya anayejua. Machi 2024 Google ilitangaza sera mpya dhidi ya makala zinazozalishwa kwa wingi ili tu kuvuta watu kutoka kwenye utafutaji. Ni vizuri. Ila Google haimjui mama wa Singida. Anayemjua ni mwandishi, kama bado anasoma ujumbe anaotumiwa.

Wiki ya mwisho ya Desemba 2014 mama huyo aliniandikia tena. Kware walikuwa wameliwa Krismasi, wale waliobaki. Deni la kikoba alikuwa analimaliza kwa kuuza maandazi. Kisha akauliza, "Na sungura je, mwanangu, wanalipa?"

Nilikuwa na makala ya sungura iliyofika nusu kwenye kompyuta. Hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko ya kware. Nilikaa na swali lake siku mbili. Niliifuta ile makala, nikamwandikia: "Mama, sijui. Na kware nao sikujua. Nisamehe."

Jibu lake lilikuja saa hiyohiyo: "Nimekusamehe. Ila ungeniambia hivyo mwezi wa tatu."