Nani Alimfungulia Njia Tomlinson?

Ukitaka kumwona Lorenzo Neal akicheza futiboli ya Kimarekani, acha kuufuata mpira. Tafuta video ya San Diego Chargers ya msimu wa 2006, isimamishe kabla mpira haujaanzishwa, kisha mtafute mwenye jezi namba 41. Ameinama, mkono mmoja umegusa nyasi, yuko nyuma ya kwotabeki, yule anayerusha au kukabidhi mpira, na mbele ya LaDainian Tomlinson, mkimbiaji anayeubeba. Sasa iache iende. Neal anachomoka wa kwanza, mikono mitupu, anaingia kwenye upenyo na kumkuta mlinzi anayekuja mbio kuuziba. Anamkita bega la kifua, wanakwenda chini wote wawili. Tomlinson anapita ubavuni mwao bila kuguswa. Kamera inaondoka na Tomlinson, uwanja mzima unasimama, na Neal bado yuko chini anajizoazoa.

Msimu ule Tomlinson alifunga tachidauni 31, yaani mara 31 aliufikisha mpira eneo la goli la wapinzani, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 2017 aliingia Ukumbi wa Magwiji wa futiboli ya Kimarekani, kule Canton, Ohio, mara tu jina lake liliporuhusiwa kupigiwa kura. Alistahili, sina neno. Neal hayumo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu Neal si mtu wa kuonewa huruma kwa kuwa hakuacha takwimu. Takwimu anazo, ila zimeandikwa kwa majina ya watu wengine. Kuanzia 1997 hadi 2007, misimu 11 mfululizo, mkimbiaji aliyekuwa akifunguliwa njia na Neal alivuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira kwa msimu. Kwa timu ya Jets alikuwa Adrian Murrell. Tampa Bay, Warrick Dunn. Tennessee, Eddie George. Cincinnati, Corey Dillon. Kisha Tomlinson. Timu tano na wakimbiaji watano wasiofanana hata kidogo: Dunn mdogo na mwepesi, George pande la mtu. Makocha walibadilika, safu ya mbele ikabadilika, kwotabeki akabadilika. Ukiuliza ni nani aliyekuwepo kote huko, jibu ni mmoja.

Fulubeki, wachezaji wa nafasi ya Neal, wamo Canton, tena wakubwa: Jim Brown, Jim Taylor, Larry Csonka, John Riggins. Lakini tazama waliingia kwa lipi. Kila mmoja aliingia kwa mpira aliobeba mwenyewe. Fulubeki ambaye kazi yake ni kuzuia tu, kamati haijui imweke wapi. Wapiga kura ni kama 50, wengi wao waandishi wa habari, na anayetaka kuingia lazima apate asilimia 80. Katika kikao cha namna hiyo mtu hutetewa kwa namba. Mkimbiaji ana yadi, mpokeaji ana mipira aliyodaka, mlinzi ana hesabu ya mara alizomwangusha kwotabeki, ambayo nayo ligi ilianza kuiweka rasmi mwaka 1982. Mzuiaji hana daftari. Akifanya kazi yake vizuri, anayeandikwa ni mwingine. Akikosea mara moja, nchi nzima inarudishiwa picha.

Magadi, wale wazuiaji wanaosimama ubavuni mwa senta, anayempa kwotabeki mpira, wanalijua hili tangu zamani. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1963, na Gene Upshaw alipoingia mwaka 1987 ndiye aliyekuwa wa kwanza ambaye maisha yake yote ya kulipwa alicheza gadi peke yake. Miaka 24!

Na kuna Jerry Kramer, gadi wa Green Bay Packers. Tarehe 31 Desemba 1967, Green Bay, baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, Packers wako nyuma kwa 17 kwa 14 dhidi ya Dallas. Zimebaki sekunde 16, uwanja umeganda kama sakafu ya saruji, na mstari wa goli uko chini ya yadi moja. Kwotabeki Bart Starr anaamua kuingia mwenyewe na mpira. Kramer anajitupa chini ya Jethro Pugh, mlinzi wa Dallas, senta Ken Bowman anamsukuma Pugh huyohuyo kutoka upande wa pili, Starr anaangukia nyuma yao. Packers wanashinda 21 kwa 17. Starr aliingia Canton mwaka 1977. Mwaka 1969 Kramer alikuwa ametajwa katika kikosi bora cha miaka 50 ya ligi, lakini mlango alifunguliwa mwaka 2018, akiwa na miaka 82. Bowman, aliyekuwa bega kwa bega naye katika mchezo uleule, hayumo mpaka leo.

Nitaambiwa wazuiaji wa pembeni kushoto wanaingia bila tabu: Anthony Muñoz, Jonathan Ogden, Walter Jones, Joe Thomas. Ni kweli, na ninafurahi. Ila hao wanamlinda kwotabeki mgongoni asikokuona, na kwotabeki ndiye mwenye pesa na kamera. Heshima yao imepitia kwake. Anayemtangulia mkimbiaji kwenye msongamano bado anahesabiwa kama kibarua.

Hoja ya kwamba kazi ya fulubeki mzuiaji ni finyu mno siikubali tena. Ray Guy aliingia mwaka 2014 kwa kupiga teke la kuondosha mpira tu, kazi ya mara chache katika mechi. Devin Hester aliingia mwaka 2024 kwa kurudisha mipira iliyopigwa. Wote wawili halali yao. Basi mtu aliyeingia kwenye ule mgongano mara kadhaa kila mechi, kwa misimu 16, anakosa nini? Kamati na itenge saa moja, izime takwimu, itazame Neal kwa misimu hiyo 11, macho yakiwa kwenye jezi yake pekee.

Wabeba mpira wenyewe hawana shaka. Agosti 2010, Emmitt Smith, mkimbiaji mwenye rekodi ya yadi 18,355 za kukimbia, alisimama jukwaani Canton kupokea heshima yake. Katikati ya hotuba akamgeukia Daryl Johnston, fulubeki wake wa Dallas ambaye hatimaye shingo ilimlazimisha kustaafu. Sauti ikamkatika, machozi yakamtoka mbele ya watu wote, akamwambia kwamba bila yeye siku ile isingekuwepo. Johnston alikuwa amekaa chini, upande wa watazamaji.