Mbwa chotara au wa mbegu safi? Tuanze na vipimo vya wazazi

Miaka ya 1980 huko Australia, Wally Conron, msimamizi wa uzalishaji wa mbwa wanaoongoza wasioona, alikuwa na ombi gumu. Mwanamke asiyeona wa Hawaii alihitaji mbwa, lakini mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Conron alijaribu poodle 33, mbwa wanaosifiwa kwa manyoya yasiyopukutika sana, hata mmoja hakuiweza kazi. Mwishowe akapandisha poodle na labrador, mbwa anayetumika sana kuongoza wasioona, wakazaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa Hawaii kupimwa, akafaa mmoja tu, Sultan. Wale wawili walikosa wa kuwalea, maana waliokuwa wakisubiri mbwa hawakutaka chotara. Conron akatangaza kwenye vyombo vya habari kwamba amepatikana mbwa wa aina mpya, labradoodle, na simu zikaanza kumiminika. Mbwa ni walewale. Mwaka 2019 alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha.

Machotara hawa, pamoja na cockapoo (cocker spaniel na poodle) na cavapoo (cavalier King Charles spaniel na poodle) wanaopendwa sana Uingereza, wanauzwa kwa ahadi mbili: hawaleti mzio, na wana afya kuliko wazazi wao. Ya kwanza ni dhaifu. Kinacholeta mzio ni protini zilizomo kwenye mate na ngozi ya mbwa, na ndugu wa tumbo moja hutofautiana, kama watoto wale watatu walivyoonyesha mwanzoni kabisa.

Ya pili ina ukweli ndani yake, ila hukuzwa kupita kiasi. Kuchanganya damu husaidia pale ambapo kasoro za baba si za mama. Labrador na poodle wote wana historia ya nyonga mbovu, na wote wanaweza kubeba jeni moja ya upofu. Mtoto akiirithi pande zote mbili, uchotara haumwokoi. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha tiba ya wanyama cha London, waliwalinganisha cockapoo, labradoodle na cavapoo na mbwa wa koo za wazazi wao kwa magonjwa ya kawaida. Katika asilimia 86.6 ya ulinganisho huo hawakuona tofauti.

Je, watetezi wa mbegu safi wameshinda? Wana hoja nzito: ukichukua mtoto wa labrador unajua takriban atakuwa na ukubwa gani, manyoya gani na tabia gani. Lakini wamefunga mlango wa ukoo, damu ya nje haiingii, na hapo ndipo ninapotofautiana nao vikali. Bulldog wa Kiingereza amechaguliwa kwa uso bapa mpaka kupumua kwenyewe ni taabu, na wengi huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu ya ukubwa wa vichwa. Hayo ni mateso yaliyopangwa na binadamu.

Kisa cha dalmatian kinaniuma zaidi. Karibu ukoo mzima ulikuwa na kasoro inayojaza tindikali ya yuriki kwenye mkojo, na madume hasa huziba njia ya mkojo kwa mawe. Hapakuwa na dalmatian asiye na kasoro hiyo wa kuzalisha naye. Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki Robert Schaible wa Marekani alimpandisha dalmatian na pointer, mbwa wa kuwindia, mara moja tu, kisha akawarudisha watoto kwa dalmatian kizazi baada ya kizazi. Wakatoka mbwa wenye madoa yaleyale na mkojo salama. American Kennel Club, klabu inayosajili mbwa wa mbegu safi Marekani, ilisajili wawili mwaka 1981, wenye klabu ya dalmatian wakapinga, mlango ukafungwa hadi 2011. Miaka 30 mbwa waliendelea kuumwa ugonjwa ambao dawa yake ilikwishapatikana, kisa usafi wa kitabu cha usajili.

Wazalishaji wa mbwa wanaoongoza wasioona wenyewe hawakuacha kuchanganya: labrador na golden retriever hupandishwa kwa makusudi, wazazi wamepimwa nyonga na macho, na kumbukumbu za kila tumbo zinatunzwa. Hiyo ndiyo kazi isiyofanywa na muuzaji anayeweka picha ya kibwa mtandaoni na bei chini yake, awe anauza cavapoo London au German Shepherd Nairobi na Dar es Salaam. Kabla ya kutoa pesa, omba umwone mama akiwa na watoto wake, omba picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili na cheti cha macho. Ukijibiwa kwamba chotara hahitaji vipimo, au kwamba cheti cha ukoo kinatosha, ondoka.