Kwenye jua, mi niko na Hart Nibbrig

Najua nitashambuliwa kwa hili ila acha niseme tu, likija suala la kuchora jua mi namweka mchoraji Ferdinand Hart Nibbrig mbele ya Seurat, yule mchoraji Mfaransa. Ndiyo, vidoti, yaani kuchora kwa nukta ndogondogo za rangi, ni mtindo wa Seurat, sibishi, lakini ile picha yake La Grande Jatte iliyoko Chicago mi huwa naona watu wamekaza kama wanapigwa pasipoti saizi, kivuli kipo, mwanga upo, joto hamna. Halafu ile njano yake yenye zinki ilianza kugeuka kahawia mapema tu, masikini.

Sasa huyu Mholanzi kazaliwa Amsterdam 1866, akaenda kusoma Paris, na mwaka 1894 akahamia Laren, kijiji cha Uholanzi. Laren hapo ndo penyewe, maana kijiji kilishazoeleka kwa picha za mchoraji Anton Mauve, kondoo, mawingu, kijivu juu ya kijivu, hadi unajiuliza hawa watu nguo walikuwa wanaanika wapi. Jamaa kaja hukohuko kaona njano!

Ujanja wenyewe ni hivi, ukichanganya njano na zambarau kwenye kibao cha rangi unapata tope, nimejaribu mwenyewe nikaharibu turubai la watu. Kwa mtindo wa vidoti huchanganyi, unaweka nukta ya njano, ubavuni yake pinki, halafu bluu iliyopauka, kazi ya kuchanganya anaachiwa mtazamaji na macho yake. Ndo maana inametameta, kama saa saba mchana unavyoangalia mchanga hadi uso unajikunja wenyewe. Na kivulini weusi haupo, utakuta bluu na zambarau.

Nilivuta shamba lake moja kwa vidole viwili kwenye simu, shamba likapotea, zikabaki punje tu kama ulezi umemwagika mkekani, nikaachia, jua hilo likarudi.

Wanaosema vidoti ni kazi ya mashine, uvumilivu bila moyo, kwa Seurat nawaelewa kidogo, ila huyu hapana bana. Baadaye akawa anaenda hadi Zoutelande, pwani ya Zeeland hukohuko Uholanzi, kufuata mwanga wa baharini, na 1915 akafariki, miaka 49 tu.

Picha yake moja ya hukohuko Zoutelande nimeiweka kwenye skrini ya simu (ambayo nayo ni vidoti vitupu ukifikiria), mwanga nimeushusha mpaka mwisho na bado naangalia nimefinya macho.